Toledo na viingilio vyake

Columbus, Ohio

Ndugu yangu Salum,

Habari za Tanga? Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa. Uliniuliza besiboli ina raha gani, watu wazima wamesimama uwanjani masaa matatu kama wanasubiri basi lililoharibika njiani. Sheria sitakufundisha, mimi mwenyewe nyingine bado zinanipiga chenga. Ila najua ukiambiwa historia ya klabu iliyokufa hulali, basi kaa nikusimulie ya huku.

Klabu yenyewe iliitwa Toledo Blue Stockings, ya mji wa Toledo, kaskazini mwa jimbo hili ninaloishi, karibu na Ziwa Erie. Mwaka 1883 ilikuwa Northwestern League, ligi ya daraja la chini, katika zile za mwanzo kabisa. Mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira, alikuwa Moses Fleetwood Walker, kijana mweusi aliyesoma Oberlin, kisha Chuo Kikuu cha Michigan. Msimu haujaanza, mjumbe wa klabu ya Peoria akapeleka hoja kwenye kikao cha ligi: watu weusi wasisajiliwe. Wakavutana, hoja ikaanguka. Walker akacheza, na Toledo wakatwaa ubingwa.

Sasa sikia ya tarehe 10 Agosti mwaka huo. Chicago White Stockings, vigogo wa ligi kuu, walifika Toledo kwa mechi ya kirafiki. Mkubwa wao alikuwa Cap Anson, nahodha na kocha kwa pamoja. Akasema wazi kwamba hachezi na timu yenye mtu mweusi. Na kumbe Walker siku hiyo hakuwa hata kwenye mpango! Mikono ilikuwa inamuuma, maana enzi zile mdakaji alipokea mipira ile migumu kwa viganja vitupu, akijaliwa sana ana glovu nyembamba. Charlie Morton, kocha wa Toledo, aliposikia maneno ya Anson akabadilisha kikosi palepale: Walker akapangwa, siyo kudaka, bali kule nyuma upande wa kulia. Anson akaelezwa kwamba akigoma, fungu lake la viingilio asahau. Basi akacheza. Chicago walishinda 7 kwa 6.

Wapo wanaomsifu Morton kama mpigania haki. Mimi namwona mtu aliyekasirika na anayejua hesabu, na siku ile hayo mawili yalitosha.

Mwaka 1884 American Association, iliyokuwa ligi kuu, iliongeza timu zikafika 12, na Toledo wakachukuliwa. Tarehe 1 Mei Walker akaingia uwanjani Louisville. Baadaye mdogo wake, Welday, naye akacheza mechi 5. Baada ya ndugu hao wawili, ligi kuu haikumchezesha tena waziwazi mtu mweusi hadi Jackie Robinson mwaka 1947. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni habari ya Tony Mullane. Huyu ndiye alikuwa mrushaji wao tegemeo, mzaliwa wa Ireland, fundi kwelikweli: Toledo walishinda mechi 46 msimu ule, na 36 kati ya hizo ni zake. Kwa kawaida mdakaji humwonyesha mrushaji kwa vidole mpira gani autupe, ili mwenyewe ajiandae. Mullane alikuja kukiri, miaka zaidi ya 30 baadaye, kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, ila kwa kuwa hakuwapenda watu weusi alikuwa akitupa anachotaka bila kutazama ishara zake. Hebu fikiri, Salum. Mpira unakuja kwa kasi, hujui utapinda au utanyooka, na mikononi huna kitu. Walker akadaka hivyo hivyo! Mimi nimeshuhudia wachezaji wetu wakinyimana pasi kwa sababu ya ugomvi wa kambini, lakini hii ni kumwumiza mwenzako huku mmevaa jezi moja.

Septemba ikaja barua kutoka Richmond, Virginia, inamwonya Morton kwamba watu 75 wamekula kiapo kumshambulia Walker akitokea na jezi. Alikuwa majeruhi, hakusafiri, na mwezi uleule akaachwa. Toledo walimaliza nafasi ya 8. Ligi ikaona timu 12 ni mzigo, pesa haitoshi, ikarudi kwenye timu 8. Toledo wakakatwa, klabu ikafa. Hata Columbus, mji huu ninaokaa, walimaliza nafasi ya pili na bado wakapotea, wachezaji wakauzwa Pittsburgh. Ya pili, ndugu yangu! Ungekuwa wewe ungeandamana.

Walker aliendelea kwenye ligi ndogo. Tarehe 14 Julai 1887 alikuwa klabu ya Newark, pamoja na mrushaji mweusi George Stovey, Anson alipofika tena na sharti lilelile. Safari hii hakuna aliyemtajia viingilio. Stovey hakucheza. Siku hiyohiyo wenye timu za International League, ligi ya hao Newark, wakapiga kura kwamba wasiwape tena mikataba mipya wachezaji weusi.

Besiboli ina jumba lake la heshima, Cooperstown, New York. Anson aliingizwa mwaka 1939. Walker hayumo hadi leo, na ukinipigia simu kunitetea Anson kwa ajili ya takwimu zake nitakata.

Nifikishie shikamoo kwa mama, na watoto wasalimie. Nataka jibu refu, siyo zile sauti zako za sekunde ishirini.

Wako,
Hamisi