Viola Davis hakuanzia kwenye TV

Mhariri, naomba kanafasi kwenye safu ya barua. Kila nikisoma kurasa za burudani zikimtaja mwigizaji wa Marekani Viola Davis naona stori inaanzia 2014 na ile siriz ya mwanasheria, How to Get Away with Murder, utadhani kabla ya hapo alikuwa amekaa tu. Jamani, huyu mama ni mtu wa jukwaani! Kasoma uigizaji chuo cha Juilliard kule New York, kamaliza 1993, 1996 yuko Broadway, zile kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwenye Seven Guitars, 2001 kabeba Tony, tuzo kubwa ya jukwaani Marekani, kwa King Hedley II, zote tamthilia za mwandishi August Wilson, na miaka hiyo muvi zilikuwa zinampa vinafasi vidogo vidogo tu.

Halafu ikaja muvi ya Doubt, 2008. Ana sini moja kubwa ya dakika chache na Meryl Streep, wako nje kwenye baridi, mama anamtetea mwanae, machozi na makamasi yanachuruzika wala hahangaiki nayo, anaongea tu. Kwa sini hiyo akatajwa kuwania Oscar, watu wakasema kabahatika. Bahati gani, mtu katoka jukwaani ambako ukikosea hakuna kurudia, dakika chache anashindwaje kuzijaza?

Ila kinachoniuma zaidi ni Fences. 2010 alicheza Rose, mke kwenye tamthilia hiyo, pale Broadway na Denzel Washington, wakampa Tony ya mwigizaji bora wa kike, mhusika mkuu kabisa. Muvi ikatoka 2016, Rose yuleyule, Denzel yuleyule, halafu Oscar anapewa ya mwigizaji msaidizi! Najua hayo ni mambo ya kampeni, watu wanapiga hesabu wapi ni rahisi kushinda, sawa, lakini mwanamke kakaa na mumewe miaka 18 anakuja kuambiwa kuna mwingine ana mimba yake, na pale uani yeye ndo anaibeba muvi nzima, sasa huyo ni msaidizi wa nani?

Ombi langu dogo tu, siku mkiorodhesha tena tuzo zake, Emmy ya TV ya 2015, Oscar ya muvi, na Grammy ya 2023 (hiyo kaipata kwa kusoma kwa sauti kitabu chake mwenyewe, nayo si kazi ya jukwaani hiyo?), Tony zake mbili msizitupe mwisho wa aya, zilitangulia zote.

Mpenzi wa tamthilia