Mama mwenye grini kadi asijiandikishe kuwa mlezi wa mgonjwa wa bangi ya tiba kabla ya kuonana na wakili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu namna ya kuomba kadi ya bangi ya tiba hapa Pennsylvania imesomwa sana. Najua hivyo kwa sababu watu wananiuliza habari zake kanisani, na hata kwenye viti vya kusubiri hospitalini ninakofanya kazi ya ukalimani. Hatua mlizozitaja ni sahihi. Mgonjwa anajisajili kwenye mtandao wa Idara ya Afya ya jimbo kwa jina na anwani zilezile zilizo kwenye leseni au kitambulisho chake cha PennDOT (idara ya uchukuzi ya jimbo), anaonana na daktari aliyeidhinishwa kutoa cheti, analipa dola 50 kwa mwaka (wenye misaada ya serikali ya matibabu, Medicaid, au ya chakula, SNAP, huweza kupata nafuu), kisha kadi inakuja kwa posta. Ila makala nzima haikuwa na mstari hata mmoja kwa msomaji asiye raia. Na wasomaji wenu wengi, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, bado wana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) au hata hiyo hawajaipata.

Bangi ya tiba ni halali Pennsylvania kwa Sheria Namba 16 ya mwaka 2016, iliyotiwa saini na Gavana Tom Wolf. Sheria hiyo ni ya jimbo. Uraia, grini kadi na ruhusa ya kuingia nchini hutolewa na serikali ya shirikisho, na ofisa wa uhamiaji anafuata sheria ya shirikisho ya dawa za kulevya ya mwaka 1970, ambayo iliiweka bangi kundi la kwanza, pamoja na heroini. Haya mazungumzo ya miaka ya karibuni ya kuihamishia kundi la tatu yasimpumbaze mtu: kundi la tatu nalo limo katika orodha ileile ya dawa zinazodhibitiwa. Tarehe 19 Aprili 2019, USCIS, idara ya shirikisho inayoshughulikia maombi ya uraia na grini kadi, ilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema, hata kama alichofanya ni halali katika jimbo lake. Mwaka huohuo, Denver, wahamiaji wawili waliokuwa na kazi katika biashara ya bangi yenye leseni walikwama kwenye maombi yao ya uraia, mpaka meya wa mji huo, Michael Hancock, akamwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa wakati huo, William Barr, kulalamika. Hao walikuwa wafanyakazi tu, wanalipa kodi kama wengine. Vijana wetu wanaohangaika na kazi za ghala walijue hilo nao.

Watu wengi wanadhani hatari ni kukamatwa na polisi, na kwamba asiye na kesi hana wasiwasi. Sivyo. Katika sheria ya uhamiaji, mtu anaweza kuzuiwa kwa kukiri tu, bila hukumu ya mahakama yoyote. Swali linaulizwa kwenye usaili, mama mwema anajibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo, ametumia, daktari alimwandikia, na kadi hii hapa. Anaitoa mwenyewe kwenye mkoba akiamini inamkinga. Jambo hilohilo linaweza kumkuta uwanja wa ndege akirudi kutoka kumzika mzazi Bukavu au Kigoma. Simwambii mtu adanganye. Kudanganya chini ya kiapo ni kosa jingine, na ni kubwa. Ninachosema ni kwamba swali hilo lifike kwa wakili kabla halijafika kwa ofisa.

Linalonifanya niandike hasa ni habari ya walezi. Sikoseli (ugonjwa wa selimundu) imo katika orodha ya magonjwa yanayokubaliwa Pennsylvania, na familia zetu zinaijua sikoseli kuliko majirani wengi wa hapa. Mtoto anapobanwa na maumivu ya mifupa usiku, mzazi anakubali lolote analoambiwa litasaidia, na hakuna wa kumlaumu. Mgonjwa mtu mzima anajinunulia mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi: lazima awe na mlezi aliyesajiliwa, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyepigwa alama za vidole na kukaguliwa rekodi. Mara nyingi anayejitokeza ni mama, bila hata kufikiri mara mbili. Sasa tazama anachofanya mlezi. Ananunua, anabeba, anampa mtu mwingine. Sheria ya uhamiaji ina msamaha mdogo kwa mtu mwenye kosa moja la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Mama anayemnunulia mwanawe hatumii yeye. Mbele ya sheria ya shirikisho anaweza kuhesabiwa kuwa msambazaji, na kwa mhamiaji hilo ni zito kuliko kukutwa na bangi yake mfukoni. Yaani yule asiyeonja hata tone ndiye anayeweza kuumia zaidi.

Sheria ya jimbo haimlazimishi mama awe yeye. Inamruhusu mzazi kumteua mtu mwingine kuwa mlezi wa mtoto kwa ajili ya dawa hii, kwa hiyo shangazi, mjomba au binamu aliyekwisha kuapa kuwa raia anaweza kusimama badala yake. Hilo peke yake halimalizi maneno, maana dawa italala nyumbani kwa mama na ni yeye atakayeamka usiku kumpa mtoto. Lakini angalau ni swali la kumpelekea mtaalamu. Na mtaalamu ninayemsema ni wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyethibitishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, wengi wao wapo katika mashirika yanayohudumia wakimbizi na ada zao ni ndogo. Yule jamaa wa mtaani anayejaza fomu za watu kwa dola mia si mtaalamu.

Wazazi wa watoto wenye kifafa wana njia nyingine ambayo ni nadra kuisikia. Epidiolex ni dawa ya maji iliyotengenezwa kutokana na kemikali ya kanabidioli ya mmea huohuo wa bangi, na ilikubaliwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu, Dravet na Lennox-Gastaut. Tangu mwaka 2020 haimo tena katika orodha ya shirikisho ya dawa zinazodhibitiwa. Inaandikwa na daktari na kuchukuliwa famasi kama dawa nyingine. Haihitaji kadi ya jimbo wala mlezi wa kusajiliwa. Kama mtoto wako ana kifafa cha aina hiyo, muulize daktari wake wa mishipa ya fahamu kuhusu dawa hii kabla ya kufungua mtandao wa jimbo.

Kwa sikoseli hakuna kitu kama hicho, na ushahidi wa bangi yenyewe bado ni mwembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka San Francisco, kwa wagonjwa 23, haukuonyesha kwamba maumivu yalipungua kwa kiasi cha kuridhisha kitakwimu, ingawa hisia za wagonjwa zilielekea kuwa afadhali. Simkatishi mtu tamaa. Naona ni haki ya mzazi kujua ukubwa wa faida anayoitafuta pale anapopima ukubwa wa hatari.

Tatizo jingine ni aibu. Kwetu bangi ni ya wahuni, na mama anayempa mwanawe hataki mchungaji ajue, hataki imamu ajue, hataki hata dada yake ajue. Matokeo yake hamwambii wakili pia, anayeshika faili lake la uraia miezi yote hiyo bila kujua kuna kadi. Mficha uchi hazai. Na madaktari wanaotoa vyeti, wengi ni watu wazuri, lakini nimetafsiri neno "halali" mara nyingi mno chumbani mwao, wala siruhusiwi kuongeza langu. Kazi yangu ni kusema walichosema. Ndiyo maana nayasema hapa.

Mengine kwa kifupi. Dereva wa lori mwenye CDL (leseni ya magari ya biashara) bado anapimwa bangi kwa kanuni za Idara ya Uchukuzi ya shirikisho, na kadi si udhuru. Anayeomba nyumba za serikali au Section 8 (msaada wa shirikisho wa kodi ya nyumba) anaweza kukataliwa kwa matumizi ya bangi hata akiwa na kadi. Na Pennsylvania yenyewe inaweza kumshitaki mwendesha gari kwa mabaki ya bangi katika damu hata kama hakulewa. Kuvuka nayo kwenda jimbo jingine ni kosa la shirikisho. Kusafiri nayo kwenda Nairobi au Dar es Salaam ni kutafuta jela.

Naiomba Idara ya Afya ya Pennsylvania iweke onyo kwa asiye raia, kwa Kiswahili na lugha nyingine za wakimbizi, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa usajili, kabla mtu hajaandika jina lake. Madaktari wanaotoa vyeti wawe na karatasi hiyohiyo mezani. Na wewe Mhariri, makala ile itakapochapwa tena, kuonana na wakili wa uhamiaji kuwe hatua ya kwanza, na hizo nyingine zifuate.

Mkalimani wa hospitali
Lancaster, Pennsylvania