Barua kutoka Pasadena, Texas

Kwa Baba na Mama, Voi.

Shikamooni wazazi wangu. Natumai barua hii itawakuta mkiwa wazima. Mimi huku ni buheri wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu tu. Kazi ya kuchomelea mabomba inaendelea, na joto la Texas halinishindi mtu niliyekulia Voi.

Mama, nimeambiwa umekosa raha tangu usikie kwamba siku za Jumamosi mwanao huenda kwenye baa za muziki wa kantri. Sitakuficha, naenda. Naomba nikueleze watu wa huku wanafuata nini humo, na nitaanzia kwa filamu ya zamani ambayo wenzangu kazini wanaijua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Inaitwa Urban Cowboy. Ilitoka 1980 na mambo yake yanatokea hapa hapa Pasadena, mji wa viwanda ulioshikana na Houston upande wa mashariki. Kijana mmoja, Bud, anayeigizwa na John Travolta, anatoka mashambani na kufikia kwa ami yake, Bob. Ami anamsaidia kupata kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta. Mchana wanapanda minara ya chuma, usiku wanavaa kofia pana na buti na kwenda Gilley's.

Baa hiyo ilikuwepo kweli. Ilikuwa ya mwimbaji Mickey Gilley na mshirika wake Sherwood Cryer, kwenye barabara ya Spencer, nami hupita barabara hiyo. Ilikuwa kubwa kiasi cha kumeza maelfu ya watu kwa usiku mmoja. Mwandishi Aaron Latham aliandika habari za vijana wa baa hiyo katika jarida la Esquire mwaka 1978, kisha mwongozaji wa filamu James Bridges akaenda kupigia filamu humo humo ndani. Leo haipo. Ilifungwa 1989 na mwaka uliofuata ikateketea kwa moto.

Baba, nilipoona vijana wale wakitoka zamu nilikukumbuka wewe. Uliacha shamba ukaenda Changamwe, Mombasa, nako kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, ukapanga chumba Magongo. Jumamosi mlikusanyika watu wa bara kwenye chumba kimoja, redio katikati, Jim Reeves akiimba kantri. Nilikuwa mtoto, sikuelewa kwa nini watu wazima wanyamaze kwa ajili ya wimbo wa Mzungu. Sasa naelewa. Hawa wa Pasadena wengi wao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Shamba lilibaki kwa wazee, wao wakaja kupumua moshi wa mafuta, na kofia ile ndiyo iliyowakumbusha kwamba wana kwao. Hata fahali wa Gilley's alikuwa wa mashine, aliyetengenezwa kwa ajili ya mazoezi ya wapanda fahali, naye alimrusha mtu chini sawasawa.

Fahali huyo ndiye anayevunja ndoa. Bud anakutana na Sissy humo baa, Debra Winger ndiye aliyeigiza, na mimi namwona kuwa ndiye moyo wa filamu yote. Wanaoana upesi mno, wanahamia kwenye nyumba ya magurudumu. Sissy anataka kumpanda fahali, Bud anakataa. Mke anajifunza kwa siri kwa mtu aliyetoka jela, Wes. Basi kila mmoja anachukua mwingine ili mwenzake aone. Sissy anaenda kwa Wes, na Bud anajishikiza kwa Pam, binti wa tajiri wa mafuta. Mchana mmoja Sissy anarudi kimya kimya, anasafisha nyumba nzima na kuacha kijibarua. Pam anakikuta kwanza, anakichana, na sifa za usafi anazichukua yeye. Hapo nililia, Mama. Ndoa nzima ilikuwa kwenye karatasi ile.

Jambo moja linaniudhi. Bud anampiga mkewe kofi, na Wes anampiga vibaya zaidi, lakini filamu inalipita kofi la Bud kana kwamba ni ujana tu. Si ujana. Nyinyi hamkutulea hivyo, na ningependa wadogo zangu wa kiume waambiwe hilo kabla ya kuitazama.

Anayenifurahisha ni ami Bob. Yeye ndiye anayemwambia Bud ajishushe ikiwa bado anampenda mkewe, kisha anakufa kazini, radi ikiwa imepiga kiwandani. Bud anashinda mashindano ya fahali, lakini ushindi hauna ladha mpaka amtafute Sissy na kumwomba msamaha.

Mama, baa ninazokwenda ndizo hizo, ila ndogo. Watu wanacheza wawili wawili wakizunguka ukumbi, hatua mbili za haraka, mbili za taratibu, wazee kwa vijana. Mimi nakunywa soda na kurudi nyumbani, maana zamu yangu huanza alfajiri. Nikikosa kwenda, wiki nzima sizungumzi na mtu ila kuhusu mabomba.

Baba, kaburi la Jim Reeves liko karibu na Carthage, kaskazini mashariki mwa jimbo hili. Nikipata likizo nitakwenda, na nitapiga picha nikutumie.

Filamu nimeiweka kwenye flashi. Kuna jirani anayekuja Mombasa Desemba, atamkabidhi shangazi. Ina sehemu za chumbani, kwa hiyo msiitazame na wajukuu. Baba, ukimaliza kuitazama nipigie, unieleze kama kule Changamwe nanyi mlikuwa na mzee wa kuwaongoza kama ami Bob. Hujawahi kunihadithia.

Wasalimieni wote.

Mwanenu