Risala ya Wanakisomo wa Umalila, Mbeya, kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Juma la Elimu ya Watu Wazima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Elimu Kata, walimu wetu wa kujitolea, wanakisomo wenzangu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama kwa barabara ambayo sasa unaifahamu. Karibu Umalila, kwenye baridi inayotupa viazi na pareto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 wasiojua walibaki kama 10 katika 100. Baadaye madarasa yale yalilala, na sisi tuliokua nyuma yake tukabaki nje, hadi walimu wa hapa walipotufungulia darasa la jioni.

Mafanikio ni makubwa mno. Kwenye vikoba vyetu vya kuweka na kukopa dole gumba limekoma, kila mtu anasaini jina lake. Tunatuma pesa kwa simu bila kumtajia mtoto namba ya siri. Na madalali wa viazi siku hizi wana adabu.

Hapo naomba niseme langu, mimi katibu ninayesoma risala hii. Nilikuwa binti wa kwanza nyumbani. Wadogo zangu walikwenda shule, mimi nikabaki kuwabeba mgongoni waliowafuata. Nikaolewa, nikauza viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, miaka mingi. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na tangazo lake lilibandikwa ukutani nilikokuwa nikipita na magunia yaliyovimba vichwa. Siku nilipoliunganisha silabi kwa silabi mpaka mwisho, nilikaa chini nikalia kwa yote niliyopunjwa. Msimu uliofuata nilidai mzani, nikausoma mwenyewe. Asiyejua kusoma anaishi kwa kuamini mdomo wa mwenzake. Nimeishi hivyo, sitarudi huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala zilizopita ziliomba umeme, madawati, vitabu na posho ya walimu. Yote yaliahidiwa, tukapiga makofi. Tunashukuru kwa ahadi hizo, na bado tunazo kwenye daftari la mihtasari, maana sasa tunaweza kuandika. Leo hatutaki kukutwisha mzigo. Tunaomba jambo moja: miwani ya kusomea.

Wengi wetu tumevuka miaka 40. Katika umri huo lenzi ya jicho hukakamaa, na herufi za karibu hufifia hata kwa mtu anayehesabu mbuzi ng'ambo ya bonde. Mama mmoja aliacha darasa akisema kichwa chake kimezeeka. Tulipomfuata na kumwazima miwani ya mwalimu, alisoma mstari mzima bila kusaidiwa. Lakini miwani ile ni ya mwalimu, naye anaihitaji. Darasani tunaazimana michache iliyopo, na mwenye haya hasubiri zamu, anaondoka kimya kimya. Taarifa zinawaandika watoro. Inatuuma, kwa sababu watu hao walishinda aibu ya kuketi kwenye madawati ya wajukuu zao, wakashindwa na kitu kinachouzwa hata mnadani.

Tuliwahi kuahidiwa. Wapimaji walikuja, wakatusimamisha mbele ya ubao wa herufi E, tukaonyesha kwa vidole inakoelekea, wakaandika majina yetu, wakaondoka na orodha. Baadhi ya walioandikwa siku ile tumeshawazika. Hatumlaumu mtu, Mheshimiwa, ila tumejifunza. Orodha ya leo tumeiandika wenyewe, nakala moja ipo mezani kwako na nyingine inabaki kwetu.

Tunaomba mpimaji arudi, maana macho yamebadilika, na kila mmoja apewe miwani inayomfaa. Tunaomba iwe kabla ya mvua za Novemba. Mvua zikianza tunahamia mashambani, na atakayekuwa ameacha darasa kwa ajili ya macho itakuwa vigumu kumrudisha.

Mwisho wa orodha hiyo tumeacha nafasi mbili: tarehe ya kuja mpimaji, na jina la mtu tutakayempigia simu. Kalamu iko pembeni yake. Tutashukuru zikijazwa kabla hujapanda gari.

Naomba kuwasilisha.