Jumamosi ni zamu ya alumini

Habari za jioni, mafundi. Jumamosi saa 4 asubuhi tunaunga alumini kwa vile vijiti vya zinki na alumini. Mashine ya kulehemu haihitajiki, tochi ya gesi inatosha. Kijiti huyeyuka karibu nyuzi 390, alumini yenyewe 660. Nafasi kati ya hizo nyuzi mbili ipo, lakini alumini haibadiliki rangi kukuonya, inadondoka tu.

Wengi hukwamishwa na utando wa oksidi, ile ngozi nyembamba inayofunika alumini. Wenyewe hauyeyuki hadi upite nyuzi 2,000, na ukiukwangua unarudi papo hapo. Kwa hiyo sugua kwa brashi ya stenlesi ambayo haijagusa chuma kingine, kisha pasha moto kipande, si kijiti! Kijiti kikiyeyuka kwa kugusa kipande tu, kwaruza chini ya ule uji ndipo utashika.

Fremu za madirisha, sawa. Rimu za gari sitaki kuziona, hapo roho za watu zinahusika. Sufuria pia hapana.

Tutafanyia uani kwa sababu ya moshi wa zinki. Njooni na miwani, viatu vya kufunika na alumini chakavu. Vijiti ninavyo. Anayekuja aandike jina kabla ya Ijumaa jioni.