Mhariri, treni za chini za London hazilali bure usiku

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee hizi treni za chini ya ardhi za huku London, maana kila ndugu akija kutembea swali ni lile lile, mji mkubwa hivi mbona usiku treni zinasimama?

Mimi nimefanya usafi kwenye stesheni za laini ya Victoria, zamu ya usiku, miaka sita, kwa hiyo nasema nilichokiona. Treni ya mwisho ikishapita, kwenye saa saba usiku hivi umeme wa relini unazimwa, na kwenye saa kumi na moja alfajiri lazima uwe umerudi. Ni kama masaa manne tu, na humo humo utoe muda wa kuhakikisha umeme umezimwa kweli, kushusha vifaa, kutembea ndani ya handaki mpaka penye ubovu, kufanya kazi, halafu kuhesabu kila spana isije ikabaki hata moja kwenye njia. Mizigo mizito inavutwa na vichwa vya betri kwa sababu umeme ndo hamna.

Tena kule chini reli ziko nne, sio mbili. Mbili za magurudumu, ya tatu iko pembeni inaleta umeme, ya nne katikati inaurudisha, na kati ya hizo mbili ni zaidi ya volti 600. Nilikuwa sielewi kwa nini wajipe gharama yote hiyo mpaka fundi mmoja mtu mzima akanieleza, kwamba mahandaki ya zamani yamevikwa chuma, sasa umeme ukirudi kwa kupitia reli za magurudumu unavuja, unakula kile chuma pamoja na mabomba yaliyozikwa jirani, kwa hiyo wakaupa reli yake kabisa. Na stesheni za laini hii wameziinua kidogo kama kilima, treni ikiingia inapanda inapungua mwendo, ikitoka inateremka inachukua kasi, umeme unaokolewa na breki hazitoi joto sana, maana udongo wa London ukishashika joto hauachii. Hayo watu walishayawaza kabla laini haijafunguliwa 1968!

Agosti 2015 walifunga kipande cha Walthamstow Central hadi Seven Sisters wiki tatu nzima, wabadilishe pale treni zinapohamia njia nyingine mwisho wa laini, kwa sababu pale pa zamani treni ilikuwa lazima ijivute. Watu walilalamika sana, mabasi yalijaa, lakini kufika 2017 ikawa treni 36 kwa saa, yani kila sekunde 100 treni. Hakuna kichwa kipya kinachoweza kukupa hiyo kama njia yenyewe mbovu.

Na makosa hutokea. Januari 2014 zege bichi liliingia chumba cha mitambo ya signo, zile ishara za kuongoza treni, pale stesheni ya Victoria, laini ikakatika nusu, na mafundi wakamwagia sukari lisigande haraka wapate kulichota. Sukari ya dukani, hii hii ya chai.

Toka Agosti 2016 treni za laini hii zinatembea usiku kucha Ijumaa na Jumamosi (korona ndo iliwahi kukatisha), abiria wanafurahi na mimi nafurahi, ila mjue zile ni usiku mbili wamenyang'anywa mafundi, kazi ni ile ile.

Sasa ombi langu mhariri. Nyumbani tuna SGR ya umeme, upana wa reli zake ni milimita 1435, sawasawa kabisa na hizi za London. Picha za mabehewa mapya na stesheni zinazong'aa mmetuwekea nyingi na mmefanya vizuri. Naomba mtume mwandishi akeshe usiku mmoja na wale wanaokagua njia, kati ya Dar na Morogoro hata kipande kidogo tu, atuambie wanatembea kilomita ngapi, taa wanazo za kutosha, vifaa vya kupimia reli wanavyo, na wakikuta nati imelegea saa tisa usiku wanampigia nani. Habari hiyo nitainunua na kuwatumia wenzangu wote wa huku.

Msomaji wenu,
Walthamstow, London