Risala ya Wavuvi na Akina Mama wa Kisiwa cha Pate kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, maustadhi, wazee wetu, mama zetu, walimu na wanafunzi, asalaam aleikum.

Karibu Pate. Tunajua boti imekurowesha. Kusi, upepo wetu wa kusini, haina adabu kwa wageni. Lakini tulitaka uje kwa maji, upite kwenye mikoko, uione kazi yetu kabla ya kuisikia.

Kikundi chetu ni cha wavuvi wa nyavu na mishipi, akina mama wanaotafuta pweza miambani maji yakitoka, na vijana wapanda mikoko. Tulianza kwa kuchangishana pesa za kutengeneza mashine za boti, basi. Kilichotugeuza ni makaa ya mawe.

Unaukumbuka mpango wa mtambo wa umeme wa makaa kule Kwasasi, ng'ambo bara: megawati 1,050, bomba la moshi la mita 210, makaa ya kuanzia yaletwe kwa meli kutoka Afrika Kusini. Sisi hatukuhitaji mtaalamu wa kutuambia kusi ikivuma moshi unaelekea wapi. Mikutano ilifanyika, hatukatai. Tulipewa soda, tukatia sahihi za mahudhurio, tukaahidiwa kazi. Ripoti ya athari za mazingira ikaja baadaye, nene, kwa Kiingereza. Mzee wetu mmoja aliifungua, akaifunga, akauliza, "Sasa nililolikubali ni lipi?"

Save Lamu, muungano wa vikundi vya kijamii vya Lamu, na wakazi wenzetu walilipeleka swali kama hilo mbele ya mahakama maalumu ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni ya mtambo.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko huko Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Pesa tunazipenda kama watu wote, ila mwamba uliofukiwa na mchanga wa bandari haurudi kwa hundi.

Mheshimiwa, sasa ni mafuta na gesi. Kisiwa hiki kilichimbwa mapema miaka ya 1970, kikachimbwa tena 2018. Mwishoni mwa 2021 meli ya kuchimba ilifika kwenye kina kirefu nje ya pwani yetu. Na mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa 2012, yalipangiwa bomba la zaidi ya kilomita 800 liishie Lamu.

Tunalolihofia zaidi si samaki, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni maji ya kunywa. Visima vyetu ni vifupi. Maji tamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, na msimu wa kiangazi tunaishi kwa jabia, yale matangi ya kukingia mvua waliyotuachia wazee. Uchafu wa mtambo wa kuchimba mafuta ukiingia humo hatuna mto wa kukimbilia. Mtu wa bara huhamia kijiji cha pili. Sisi kijiji cha pili kinakunywa maji yale yale.

Tuseme kweli mbele yako: humu kikundini hatuko kauli moja. Wako wasiotaka kisima cha mafuta hata kimoja. Wako vijana waliosoma ufundi wanaosema mitambo ikija wataajiriwa, na wazazi wao wanawaunga mkono. Tumegombana hadi usiku wa manane, na hatujamaliza.

Yaliyotuunganisha tunakuomba uyafikishe. Ripoti yoyote iletwe kwa Kiswahili, isomwe kijijini hadharani, ndipo sahihi zitafutwe. Umbali kati ya kisima cha kuchimba na nyumba, jabia na visima vya maji uandikwe ndani ya kibali kwa mita, lisiandikwe neno "salama" tu. Maji yetu yapimwe kabla mtambo haujashuka melini, apime mtu asiyelipwa na kampuni, na majibu yabandikwe kwa chifu. Na mwenye kuhoji asiitwe mpinga maendeleo. Akina mama wawili wa kikundi hiki waliitwa hivyo wakaacha kuja mikutanoni miezi mitatu. Leo wamerudi, wamekaa safu ya mbele.

Wali wa nazi na kamba viko tayari. Maji yanaanza kutoka saa tisa, na yakishatoka boti yako haitaelea hadi usiku, kwa hiyo tungependa kusikia jibu lako kabla ya chakula.